MIGUU YA WENYE UGONJWA WA KISUKARI
(Hotuba kwa watu wa Kitengela na Kajiado)



Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, huharibu mishipa ya fahamu, na miguu hufa ganzi. Huharibu pia mishipa ya damu, hata damu isifike vidoleni sawasawa. Basi kidonda huja bila maumivu, na kupona kwake ni shida. Watu wengi hudhani kwamba pasipo maumivu hapana hatari. Kwa mwenye kisukari sivyo kabisa.

Katika Kajiado jambo hili ni zito, maana mchungaji huishi kwa miguu yake. Migunga imeenea, na miiba yake ni mirefu. Akala ni viatu imara, nami sizidharau, lakini huacha vidole wazi, na mwenye ganzi aweza kutembea toka malishoni mpaka nyumbani na mwiba mguuni asijue. Kule Kitengela, viatu vya kubana na buti za mpira zivaliwazo kutwa kazini huleta madhara yale yale.

Kwa hiyo yampasa mgonjwa atazame nyayo zake kila jioni, na katikati ya vidole; asiyeona vizuri amwombe mtoto amtazamie. Akung'ute viatu kabla ya kuvivaa. Maji ya kuoshea miguu ayapime kwanza kwa kiwiko, maana mguu wenye ganzi hautambui moto. Na usiku wa baridi asiiote miguu motoni. Sugu asiikate kwa wembe kamwe.

Kidonda kikitokea, hata kiwe kidogo kama punje ya mtama, akioshe kwa maji safi, akifunge kwa kitambaa safi, aende zahanati siku iyo hiyo. Asitie majivu wala samli. Daktari ataondoa nyama iliyokufa, atatoa dawa ya kuua vijidudu ikihitajiwa, na kuishusha sukari. Atamkataza pia kuukanyagia mguu ule, na agizo hilo ndilo gumu kushikwa, kwa kuwa mguu hauumi. Ng'ombe na wachungwe na mwingine kwa majuma hayo. Mguu ukivimba, ukinuka au ukigeuka mweusi, asingoje mapambazuko: apelekwe hospitali kubwa ya Kajiado usiku huo huo, kabla daktari hajabakiwa na njia moja tu, ya kuukata.