Mtaa wa Kijani, Darasa la Wote

Leo tunazungumzia mitaa ya mijini inayojengwa bila kufukuza miti na maji.

Tuanzie Kigali, Rwanda. Bonde la Nyandungu, ambalo ni ardhioevu, lilikuwa limeharibiwa na shughuli za watu. Likarejeshwa, na mwaka 2022 likafunguliwa kuwa bustani ya umma yenye takriban hekta 121. Ardhioevu hupunguza kasi ya maji ya mvua, hutuamisha tope na kuchuja uchafu. Katika bustani hiyo mna miti ya asili, bustani ya mitishamba, njia za baiskeli na kituo cha maelezo kwa wageni.

Mtaa wako nao unaweza. Kabla ya kugawa viwanja, tengeni mkondo wa maji na msijenge humo. Pandeni miti ya kivuli kando ya barabara. Kisha simamisheni jengo la kujifunzia. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, pande zake ndefu zitazame kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lisipige madirishani. Madirisha yakabiliane, upepo upite. Paa livune mvua, na tangi linyweshe kitalu cha miche. Katika jengo hilo watoto wajifunze kuhusu ndege na mimea, na wazee wanaoijua miti wapewe nafasi ya kufundisha.

Ndugu msikilizaji, ipeleke hoja hii kwenye mkutano ujao wa mtaa, mapema, viwanja vya wazi vingali vipo.