Panya wa Maabara na Siri ya Saratani ya Ini

(Mawaidha yaliyotolewa msikitini baada ya swala ya Alasiri)

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Amma baad.

Ndugu Waislamu, leo tunazungumzia kiumbe dhalili, panya. Kila aliyesoma fiqhi anajua kwamba panya ni miongoni mwa wanyama watano ambao sheria imeruhusu wauawe hata ndani ya Haram. Lakini ruhusa ya kumuua si ruhusa ya kumtesa. Basi wataalamu wanapomzalisha panya ili augue ini, tuna haki ya kuuliza: yapo manufaa gani?

Virusi vya homa ya ini aina ya B ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya saratani ya ini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi navyo. Panya wa kawaida haambukizwi virusi hivyo. Kwa hiyo wataalamu walichukua jeni za kirusi, wakazidunga kwa sindano nyembamba mno katika yai la panya lililokwisha kurutubishwa, kisha wakalipandikiza yai hilo katika tumbo la panya jike mwengine. Watoto wakazaliwa na jeni hizo miilini mwao.

Mwaka 1985 Francis Chisari na wenzake, katika taasisi ya Scripps huko California, walieleza habari za panya wa namna hii. Protini ya kirusi ilikuwa tele katika damu yao, lakini maini yao yalikuwa salama. Kwa kuwa walizaliwa nayo, kinga ya mwili haikuiona kuwa ni adui.

Mwaka 1998 kundi hilo lilieleza jaribio jengine. Panya wa aina hiyo waliondolewa kinga yao, wakapewa chembe za kinga kutoka kwa panya wengine waliokwisha kufundishwa kuishambulia protini ile. Vita vikazuka ndani ya ini: seli zikafa, mpya zikaota, nazo zikafa, mwezi baada ya mwezi. Mwishowe saratani ikajitokeza. Ikadhihirika kwamba vita vya kinga visivyokwisha, visivyomshinda adui wala kusimama, vyatosha kuleta saratani, hata kama kirusi chenyewe hakiui seli.

Ni kweli kwamba panya si binadamu, na saratani hii ina njia nyingi. Hata hivyo, tunapata mafunzo matatu.

Kwanza, kutoumwa si dalili ya kuwa mzima. Vita hivyo huweza kuendelea kimya kwa miaka mingi. Tukapimeni damu.

Pili, tuwalinde watoto. Anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa, katika kila kumi takriban tisa hubaki na virusi maisha yao. Kwa mtu mzima ni chini ya mmoja katika ishirini. Mama mjamzito apimwe, na mtoto achanjwe, ikiwezekana ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Taiwan ilianza mpango wa kitaifa wa kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionesha kuwa saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilipungua kutoka 0.70 hadi 0.36 kwa kila watoto 100,000.

Tatu, tusimtenge mgonjwa. Virusi hivi haviambukizwi kwa kula sinia moja wala kwa kupeana mkono.

Ama swali letu la mwanzo, manufaa yapo, lakini yana masharti mawili: mnyama asitiwe maumivu yasiyo ya lazima, na elimu iliyopatikana itumike. La kwanza wataulizwa wataalamu. La pili tutaulizwa sisi, tuliosikia kisha tukarudi majumbani.

Tunamuomba Allah atujaalie tuwe wenye kusikia na kufuata yaliyo mema. Wabillahi tawfiq.