Joto Lina Bei: Vifaa vya Nywele Mahali Penye Umeme Mdogo

Mada kwa wenye saluni na watumiaji wa umeme, Lushoto



Nimeombwa kuzungumzia jambo ambalo kwa sura yake laweza kuonekana dogo: namna ya kutumia draya, pasi ya nywele na mashine ya kunyolea pale ambapo umeme wenyewe ni wa kupimwa kwa kibaba. Si dogo kwa kijana aliyeweka akiba yake yote katika paneli, betri na kiti cha kunyolea. Betri ikifa kabla ya wakati wake, mtaji umekufa nayo.

Nguzo za TANESCO zimefika Lushoto mjini siku nyingi, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ameendelea kuzisogeza vijijini. Hata hivyo milima ya Usambara ina mabonde na vilele vingi. Ukitoka Soni kwenda Bumbuli, au ukapanda Mlalo hadi Mtae, utazikuta nyumba ambazo taa yake ni ya paneli moja juu ya bati. Mwenye nyumba hiyo anafanana na nahodha aliye baharini kati ya Tanga na Pemba: alichopakia ndicho alicho nacho. Hana duka la kuongeza umeme njiani.

Tena mlima una shida yake ya pekee. Mwezi Juni hadi Agosti kuna baridi na ukungu, na nywele zilizooshwa asubuhi hufika adhuhuri zikiwa bado mbichi. Ndipo mteja anapodai draya. Lakini siku ambayo nywele zinakataa kukauka ndiyo siku ambayo paneli nayo haikupata jua. Mahitaji yanapanda wakati akiba inashuka. Mwenye saluni asiyeijua hesabu yake atajikuta gizani huku mteja ana rola kichwani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Naomba mwondoke hapa na kanuni moja: kinachokula umeme ni joto. Kifaa kinachotoa mwanga au kinachozungusha wembe hula kidogo. Kifaa kinachopasha hewa au maji moto hula sana, hata kama ni kidogo kiganjani. Msikipime kwa ukubwa wa umbo lake. Kipimeni kwa wati zilizoandikwa kwenye kibandiko chake.

Tuchukue mfano wa saluni yenye paneli ya wati 100 na betri ya volti 12, ampea 100 kwa saa. Paneli hiyo ikipata saa nne za jua zuri, itazalisha wati 400 kwa saa. Ondoeni kinachopotea katika nyaya, betri na inveta, na zitabaki kama 300. Hilo ndilo pato la siku. Betri ikijaa ina wati 1,200 kwa saa, lakini betri ya kawaida ya risasi na asidi haitakiwi kukamuliwa zaidi ya nusu, la sivyo umri wake hufupika. Kwa hiyo akiba halali ni wati 600 kwa saa.

Sasa tuviweke vifaa mezani. Taa ya LED ya wati 7 ikiwaka saa tano itakula 35. Mashine ya kunyolea ya wati 10, kwa dakika 20 za kila kichwa, itahudumia wateja 30 kwa wati 100 tu kwa saa. Pasi ya nywele ya wati 45, hata ikifanya kazi nusu saa nzima bila kupumzika, itakula chini ya 23 kwa mteja mmoja. Hivi vyote vinaingia ndani ya pato la siku, ingawa si lazima viingie vyote kwa pamoja.

Lakini draya ya wati 1,200 ikiendeshwa dakika 15 tu itakula wati 300 kwa saa. Mteja mmoja wa draya amemaliza jua la kutwa. Wateja wawili wa siku ya ukungu wamemaliza akiba yote ya betri, na wa tatu anaiua. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Umeme wa betri ni mali ya namna hiyo: hauonekani ukitoka, na siku ya kuuhitaji haupo.

Kuna jambo la pili, nalo ni uwezo wa inveta. Betri ni kama pipa la maji na inveta ni bomba lake. Pipa likijaa namna gani, bomba jembamba halitoi zaidi ya upana wake. Inveta ya wati 500 haiwezi kubeba draya ya wati 1,200. Iliyo bora itajizima, iliyo duni itaungua. Na hata ukinunua inveta kubwa, angalia nyaya zake. Kwa umeme wa TANESCO wa volti 230, draya hiyo huvuta ampea zipatazo tano. Kwa betri ya volti 12 huvuta zaidi ya ampea 100. Waya mwembamba kati ya betri na inveta hugeuka kuwa jiko, na nyumba nyingi zetu zina dari za mbao.

Muuzaji anapokuambia kwamba mtambo wake unabeba kila kitu, muulize maswali matatu kabla ya kutoa fedha. Wati za inveta ni ngapi kwa kazi ya mfululizo, si kwa sekunde chache za kuanzia? Betri ina ampea ngapi kwa saa, na imetengenezwa kwa kazi ya sola au kwa kuwashia gari? Na je, umeme unaotoka katika inveta hiyo ni laini kama wa TANESCO, au ni wa mawimbi ya mkato? Betri ya kuwashia gari huharibika haraka ikikamuliwa kila usiku. Umeme wa mawimbi ya mkato unaweza kuifanya mashine ya kunyolea iungurume na kupata moto, na chaja nyingine huungua nao. Majibu yaandikwe kwenye risiti pamoja na dhamana. Maneno ya mdomoni hayashiki siku ya mgogoro.

Wapo watakaosema, basi tununue jenereta ndogo. Jenereta ina nafasi yake, lakini ina masharti mawili. Kwanza, namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mara nyingi ni kiwango cha juu cha muda mfupi. Kiwango cha kufanyia kazi kiko chini yake, nacho ndicho cha kulinganisha na kibandiko cha draya. Pili, na hili nalisema kwa msisitizo, jenereta isiwashwe ndani ya chumba wala kwenye baraza lililozibwa. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo inaua. Jiko la mkaa hutoa gesi hiyohiyo. Huku kwetu milimani, wakati wa baridi mlango hufungwa na dirisha huzibwa. Saluni inayopasha chanuo la moto juu ya mkaa katika chumba cha namna hiyo inahatarisha maisha ya mteja na ya msusi pia.

Nigeukie sasa kwa walio kwenye umeme wa TANESCO, maana nao wana ukomo wao. Aliye mwisho wa laini ndefu huona taa ikififia jioni. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 180, draya haipungui kwa robo tu: nguvu yake ya joto hubaki kama asilimia 61. Mteja hukaa zaidi, na msusi hudhani mashine imechoka. Kabla ya kununua draya mpya, mwite fundi apime volti. Akikuta zimeshuka kila jioni, toa taarifa ofisi ya TANESCO iliyo karibu nawe, upewe namba ya taarifa, na uihifadhi.

Upo pia ukomo wa mfuko. Kwa agizo la bei la mwaka 2016, mteja wa kundi la D1, la matumizi madogo ya nyumbani, alipangiwa kulipa Sh 100 kwa kila uniti katika uniti 75 za kwanza za mwezi, na Sh 350 kwa kila uniti inayozidi hapo, kabla ya kodi na tozo. Mwanamke aliyefungua saluni sebuleni, akiendesha draya ya wati 1,200 kwa jumla ya saa mbili kwa siku, atatumia uniti 2.4 kila siku. Kwa siku 26 za kazi ni uniti 62. Ongezeni taa, televisheni na pasi ya nguo, na nyumba imevuka mpaka. Kwa agizo hilo, kila uniti inayofuata ilikuwa na bei zaidi ya mara tatu ya ile ya mwanzo. Asipoiingiza gharama hiyo katika bei ya huduma, faida yake inaondoka kwa njia ya LUKU pasipo yeye kujua. Ulizeni pia ofisi ya TANESCO kundi mlilomo na bei inayotumika siku mnayonunua, maana biashara ndogo ina kundi lake.

Niseme neno juu ya zawadi za ughaibuni. Ndugu aliye Marekani hutuma draya nzuri, lakini kibandiko chake chasema volti 120. Kiunganishi cha plagi hubadilisha umbo la miguu ya plagi, volti haibadilishi. Draya hiyo ikichomekwa kwenye volti 230 itavuta nguvu karibu mara nne ya ile iliyokusudiwa, na itaungua mkononi mwa msusi. Kifaa kilichoandikwa volti 100 hadi 240 hakina shida hiyo. Someni kwanza, chomekeni baadaye.

Baada ya haya yote, mwenye umeme mdogo afanye nini? Apange kazi yake kwa kufuata joto. Kunyoa na kunyoosha kwa pasi ndogo kuwe kazi ya kila siku. Nywele zikaushwe kwanza kwa taulo, kisha kwa upepo na jua la asubuhi, na rola zivaliwe mapema. Draya, kama ipo, iwe ya kumalizia dakika chache za mwisho, tena mchana wakati paneli inazalisha. Na tusizidharau njia za bibi zetu: nywele zilizofungwa kwa uzi usiku kucha hunyooka bila wati hata moja. Msusi anayeijua kazi hiyo ana huduma ya kuuza hata siku ya ukungu.

Kwa upande wa usalama, draya ipewe soketi yake yenyewe, si waya mwembamba wa kuongezea soketi unaobeba pia stima na birika. Mikono yenye maji isiguse swichi. Kazi ya nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na mna haki ya kumwomba aionyeshe kabla hajapanda ngazi.

Mwisho, mkidhulumiwa msinyamaze. Lalamiko juu ya huduma ya umeme lianzie kwa mtoa huduma mwenyewe. Lisipotatuliwa, lifikishwe EWURA, na asiyeridhika na uamuzi wa EWURA anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani. Kifaa kisichokidhi ubora kiripotiwe Shirika la Viwango, TBS. Muuzaji aliyedanganya juu ya bidhaa yake aripotiwe Tume ya Ushindani, FCC. Katika kila hatua mtaulizwa risiti, kwa hiyo itunzeni kama mnavyotunza hati ya shamba.

Kabla ya kununua kifaa chochote cha nywele, andikeni namba tatu kwenye karatasi: wati za kifaa, wati za inveta au jenereta, na akiba halali ya betri. Namba ya kwanza ikiizidi ya pili, kifaa kibaki dukani. Ikiwa dakika za kazi zitaimaliza ya tatu, kifaa kibaki dukani vilevile, hata kiwe na bei ya kuvutia namna gani.