Maji ya Kambu na Utawala wa Chama Chetu

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Twawashukuru kwa kuitika mwito na kuacha kazi za shamba na mifugo. Hesabu ya fedha mtaisoma katika kurasa nyingine za taarifa hii. Sisi twapenda kusema neno moja tu, nalo ni juu ya kujitawala katika jambo la maji.

Kila mmoja wetu ajua kwamba maji ya Kambu hushuka kuelekea mto Athi, na ng'ambo ya Athi ni Kitui. Athi wenyewe hupokea maji ya Nairobi kabla ya kutufikia, kisha huitwa Galana na Sabaki, hata humwagika baharini karibu na Malindi. Basi kwa wengine sisi ni watu wa chini, na kwa wengine ni watu wa juu. Twalalamika juu ya uchafu utokao juu. Je, walio chini yetu wasemeje juu yetu?

Sheria ya Maji ya mwaka 2016 yasema kwamba vyama vya watumiaji wa maji ni vya kushirikiana katika kutunza maji na kusuluhisha magomvi yatokanayo na matumizi yake. Kazi ya kusuluhisha ndiyo iliyotushinda.

Misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022, tulikubaliana kumwagilia mashamba kwa zamu. Mwanachama mmoja asiye na uwezo alipovunja zamu alitozwa faini siku ile ile. Mjumbe mmoja wa Halmashauri alipowasha pampu yake usiku, tulinyamaza, tukasema ni mtu mzima mwenzetu. Tangu hapo watu wa chini waliacha kulipa ada. Hawakuikataa kanuni, bali waliukataa upendeleo. Twaliungama kosa hilo mbele yenu leo.

Kadhalika katika mchanga. Ukuta ukijengwa juu ya mwamba katika korongo, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hukaa kati ya chembe zake, jua lisiyapate. Kuta kama hizo zimejengwa kwa mwethya, kwa mikono ya akina mama na vijana. Lori likija kuchukua mchanga, limechukua ghala la maji. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, lakini askari hawezi kukesha katika kila korongo. Mlinzi ni jirani, naye hatasema neno akijua kwamba mwenye lori ni rafiki wa viongozi.

Kwa hiyo twawaletea mambo matatu myaamue leo.

Kwanza, wajumbe wachaguliwe kutoka sehemu za juu, za kati na za chini, wakiwamo wakulima, wafugaji na akina mama wachotao maji. Na kwa mfano wa Katiba ya 2010, jinsia moja isizidi theluthi mbili.

Pili, mjumbe akivunja kanuni alipe faini mara mbili ya mwanachama, wala asikae katika shauri linalomhusu yeye au jamaa yake.

Tatu, daftari la zamu na daftari la fedha yasomwe barazani kila mwezi, mbele ya yeyote atakaye kusikia.

Wazee wetu, ninyi mnajua kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Nasi twaongeza kwamba mkono ulio na kidole kisichotii haufanyi kazi. Mkiyakubali haya, sisi wa Halmashauri tutakuwa wa kwanza kufungwa nayo, na hivyo ndivyo ipasavyo.

Mwenyezi Mungu atujalie mvua, na atujalie haki ya kuigawana.