Fuata Mfereji Kabla ya Kumshitaki Jirani

(Hotuba kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Wenzangu walionitangulia wamezungumzia bidii na nidhamu. Mimi nitazungumzia mlango wa gereji uliokataa kufunguka, na kesi niliyoifungua bure.

Watu husema sisi Wapare tunapenda kesi. Desemba iliyopita niliwathibitishia. Nilitoka Dodoma na familia yangu, tukafika nyumbani Same usiku. Gari langu, ambalo nililinunua likiwa limekwisha kutumika Uingereza, lina vitufe vitatu kwenye kioo cha ndani. Vitufe hivyo hufanya kazi ya rimoti ya mlango wa gereji. Nilibonyeza, mlango haukutikisika. Nikabonyeza tena, kimya. Kijana anayetunza nyumba akatoka mbio. Hata hajamaliza kuniamkia, nilikwisha kutoa hukumu: umechezea mota, asubuhi ufungashe vitu vyako.

Kijana hakubishana. Aliuliza swali moja tu: "Mzee, ile rimoti ya mkononi umeijaribu?"

Nilikuwa sijaijaribu. Niliitoa mkobani, nikabonyeza, na mlango ukafunguka.

Ndugu zangu, wazee wetu huko milimani walituachia ndiva, yaani mabwawa ya kukusanyia maji, pamoja na mifereji ya kuyapeleka mashambani kwa zamu. Maji yasipofika kwako, hukimbilii kumshitaki jirani wa juu. Unaufuata mfereji hatua kwa hatua mpaka uone yalipopotelea. Amri ya kufungua mlango nayo ina mfereji wake: inaanzia kwenye kitufe, inasafiri kwa mawimbi ya redio, inafika kwenye kipokezi, kisha mota, na mota yenyewe hutegemea umeme.

Rimoti ya mkononi ilipofungua mlango, ilitoa ushahidi kwamba umeme upo, mota ni nzima na kipokezi kinasikia. Kosa lilikuwa garini. Kama nayo ingeshindwa, ningejaribu kitufe cha ukutani. Hicho kikifungua, angalia betri ya rimoti, kisha kipokezi. Na baadhi ya mitambo ina swichi ya kuzuia rimoti zote, ambayo mtu huweza kuibonyeza bila kujua. Kikishindwa, tazama kwanza kama umeme upo kabla ya kumlipa fundi wa mota.

Nilifungua kitabu cha gari. Humo imeandikwa kwamba ukishikilia vitufe viwili vya pembeni kwa sekunde 20 hivi, taa ndogo humetameta na kumbukumbu yote hufutika. Nikakumbuka kwamba tulipopumzika Mombo, nilimwacha mwanangu kiti cha mbele akisikiliza redio na kuchezea vitufe hivyo. Mkosaji nilikuwa nimempakia mwenyewe!

Asubuhi tulilifundisha gari upya. Nilisogeza rimoti ya mkononi karibu na kitufe cha gari, umbali wa sentimita 5 hivi, nikabonyeza vyote viwili bila kuachia mpaka taa ikabadili mwendo na kumetameta upesi. Mlango ukakataa bado. Wengi hukata tamaa hapo, kumbe imebaki hatua moja. Mitambo ya kisasa hubadilisha msimbo kila unapobonyeza, ili mwizi aliyenasa msimbo wa jana asiweze kuutumia leo. Mojawapo ya mifumo hiyo, KeeLoq, ilibuniwa katika Afrika yetu hii, na kampuni ya Nanoteq ya Afrika Kusini, katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1995 ikanunuliwa na kampuni ya Microchip ya Marekani. Kwa hiyo kipokezi nacho lazima kitambulishwe kwa gari. Mmoja hupanda ngazi na kubonyeza kitufe cha kufundishia kilichopo kwenye mota. Mwingine, kabla ya sekunde 30 kwisha, hubonyeza cha garini mara mbili au tatu.

Kazi hiyo inataka watu wawili. Nilikaa garini, na aliyepanda ngazi ni yule yule niliyemwambia afungashe. Mlango ulipoinuka, nilishuka nikamwomba radhi mbele ya familia yangu.

Nina mawili ya kuongeza. Rimoti nyingi za magari ya Japani hutumia masafa ya karibu megahezi 315, na za Ulaya karibu 433. Vifaa vya masafa tofauti havitasikizana hata mkivifundisha mchana kutwa. Pili, kabla ya kuuza gari lenye vitufe hivi, futeni kumbukumbu yake, la sivyo mmemuuzia mtu na ufunguo wa nyumba yenu.

Wanafunzi, kesho mtakuwa wakubwa wa ofisi. Faili litapotea, au hesabu haitalingana, na aliye chini yenu atakuwa karibu na rahisi kulaumiwa. Ufuateni mfereji kwanza. Mimi nilikuwa na shahada ya Chuo Kikuu na rimoti mkobani, lakini nusura nimwachishe kazi mtu asiye na kosa, kwa sababu ya jaribio la sekunde moja ambalo sikulifanya.