Kukata Utumbo au Kukata Shauri: Kijana na Uchaguzi wa Upasuaji wa Kupunguza Uzito



Mitaani na katika mitandao ya kijamii, mtu akipungua ghafla husemwa kwamba "amekata utumbo". Usemi huu umezoeleka kiasi kwamba hata mwenye nia ya kufanyiwa upasuaji huingia kliniki akiutumia. Lakini upasuaji wa kupunguza uzito unaofanywa kwa wingi zaidi duniani siku hizi haugusi utumbo kabisa; kinachokatwa ni mfuko wa chakula. Unaoufuata kwa wingi hugawa mfuko huo na kuihamisha njia ya utumbo mwembamba. Upo pia mkanda wa kufunga sehemu ya juu ya mfuko, na lipo puto, ambalo wengi huliita upasuaji ilhali huingizwa kupitia mdomoni na kutolewa baada ya miezi kadhaa. Tukiita yote hayo kwa jina moja, tunamnyima kijana nafasi ya kuuliza swali lililo muhimu kuliko yote: upasuaji upi? Hoja yangu leo ni kwamba kijana wa miaka 18 hadi 25 asichague aina ya upasuaji kwa kuhesabu kilo zitakazoondoka mwaka wa kwanza. Achague kwa kupima mzigo ambao kila aina itamtwisha kwa miaka 50 iliyobaki, na kujiuliza ni upi maisha yake yanaweza kuubeba.

Tuanze na kinachofanyika mwilini. Katika upasuaji wa kwanza, ambao madaktari huuita sliivu, daktari hupitisha vifaa kwenye matundu madogo ya tumbo. Mrija hushushwa kupitia mdomoni hadi kwenye mfuko wa chakula ili uwe kipimo cha upana. Kando ya mrija huo, mashine hukata na kubana kwa pini kwa wakati mmoja, kuanzia chini hadi juu. Takriban asilimia 80 ya mfuko huondolewa na kutolewa nje, na kinachobaki ni chembamba, chenye umbo la ndizi. Pamoja na sehemu hiyo huondoka eneo linalotoa kwa wingi grelini, homoni ya njaa, ndiyo maana wengi husema hamu ya kula imepungua hata kabla ya kushiba. Katika upasuaji wa pili, yaani baipasi, iliyoanzishwa na Edward Mason katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, miaka ya 1960, hutengenezwa kifuko kidogo cha kama mililita 30, yaani vijiko viwili vikubwa, kisha huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Chakula huruka sehemu kubwa ya mfuko pamoja na mwanzo wa utumbo. Sehemu iliyorukwa haitolewi. Hubaki ndani, hai, ila hakuna chakula kinachopita humo. Kwa hiyo sliivu ni rahisi zaidi kuitengeneza lakini hairudishiki, kwa kuwa kilichokatwa kimekwisha kutupwa. Baipasi inaweza kurekebishwa, lakini kwa upasuaji mwingine mgumu.

Je, ipi hupunguza zaidi? Ndilo swali la kwanza la kila mtu, na jibu lake linawashangaza wengi. Utafiti wa Teen-LABS wa Marekani uliwaandikisha vijana wa miaka 13 hadi 19 kati ya 2007 na 2012. Baada ya miaka mitatu, waliofanyiwa baipasi walikuwa wamepungua kwa wastani asilimia 28 ya uzito wao, na wa sliivu asilimia 26. Matokeo ya miaka 10, yaliyochapishwa 2024, yalionyesha makundi yote mawili yamebaki na upungufu wa takriban asilimia 20 ya uwiano wa uzito na urefu. Kwa watu wazima, utafiti wa Finland uitwao SLEEVEPASS uliwagawa wagonjwa 240 kwa bahati nasibu. Baada ya miaka 10, wa baipasi walikuwa wamepoteza karibu asilimia 51 ya uzito wa ziada, na wa sliivu karibu asilimia 44. Sipuuzi tofauti hiyo, ila naomba tuitafsiri. Kwa mtu mwenye kilo 50 za ziada, ni kilo tatu na nusu. Kilo tatu na nusu ni jambo dogo mno kuamulia maisha ya mtu mwenye miaka 20. Mizani ikikaribia kulingana hivyo, inabidi uamuzi utafutwe kwingine.

Tuitazame damu. Madini ya chuma hufyonzwa zaidi mwanzoni mwa utumbo mwembamba, hapo hapo baipasi inaporuka. Tindikali ya tumbo, inayosaidia ufyonzaji huo, nayo hupungua. Katika Teen-LABS, miaka mitano baada ya upasuaji, akiba ya madini ya chuma ilikuwa imeshuka chini ya kawaida kwa asilimia 71 ya vijana wa baipasi na asilimia 45 ya vijana wa sliivu. Sasa tuziweke takwimu hizo nyumbani. Utafiti wa Afya na Demografia wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, na hao hawajaguswa na kisu. Binti anayeingia hedhi kila mwezi, anayekunywa chai ya rangi pamoja na mlo, chai ambayo nayo huzuia madini ya chuma kufyonzwa, anaanza safari akiwa tayari na deni. Kwake vidonge vya kuongeza damu, vitamini B12, kalsiamu na vitamini D ni sharti la maisha yote, na vipimo vya damu ni vya kila mwaka. Sliivu haimwondolei sharti hilo. Inalipunguza uzito.

Mtu asidhani kwa hayo kwamba ninaipigia debe sliivu. Mfuko ukishakuwa mwembamba, shinikizo ndani yake hupanda na tindikali hurudi kwenye umio. Katika utafiti ule ule wa Finland, baada ya miaka 10, kamera ilionyesha umio umeunguzwa na tindikali kwa asilimia 31 ya wa sliivu, dhidi ya asilimia 7 ya wa baipasi. Kijana ambaye tayari hulala na mito miwili kwa sababu ya kiungulia atakuwa amechagua mateso akichagua sliivu, na huenda miaka michache baadaye akahitaji kubadilishiwa kuwa baipasi. Kwa upande mwingine, baipasi haipatani na diklofenaki na ibuprofeni, dawa ambazo kwetu hununuliwa duka la dawa bila swali lolote mtu akiumwa mgongo au hedhi. Zinaweza kuchimba kidonda pale kifuko kilipoungwa na utumbo, na sigara hufanya vivyo hivyo. Vidonda vikitokea katika ile sehemu iliyorukwa, kamera ya kawaida ya kupitia mdomoni haifiki. Pombe nayo huingia kwenye damu kwa kasi zaidi baada ya baipasi, na utafiti wa watu wazima wa Marekani uliochapishwa 2012 ulionyesha matatizo ya ulevi yakiongezeka katika mwaka wa pili baada ya upasuaji. Hata chai yenye sukari nyingi au soda moja inaweza kumfanya mtu wa baipasi atoke jasho, moyo umwende mbio na kichwa kizunguke, kwa kuwa sukari hushuka kwa ghafla kwenye utumbo.

Halafu kuna uzazi, ambao kwa umri huu hauwezi kuachwa pembeni. Uzito ukishuka, hedhi iliyokuwa imepotea hurudi na uwezekano wa kushika mimba hupanda haraka, wakati madaktari wanashauri kusubiri miezi 12 hadi 18. Vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe ipasavyo, hasa baada ya baipasi, hivyo kipandikizi au kitanzi ni salama zaidi. Mimba ikija, kile kinywaji cha sukari cha kupimia kisukari cha ujauzito kinaweza kumwangusha mama aliyefanyiwa baipasi pale pale kliniki. Mkunga asiyejua mwanamke huyu alifanyiwa nini hawezi kumhudumia vizuri.

Wapo watakaosema kijana asubiri kwanza, ajaribu lishe na mazoezi, upasuaji uje ukubwani. Pingamizi hili linastahili jibu la heshima, maana upasuaji una gharama halisi. Katika utafiti wa Sweden wa vijana 81 waliofanyiwa baipasi, robo yao walihitaji upasuaji mwingine wa tumbo ndani ya miaka mitano. Lakini kusubiri nako kuna gharama. Watafiti wa Teen-LABS walipowalinganisha vijana na watu wazima waliofanyiwa baipasi, miaka mitano baadaye kisukari kilikuwa kimetulia kwa asilimia 86 ya vijana na asilimia 53 tu ya watu wazima. Kisukari kilichokaa mwilini miaka 20 hakirudi nyuma kirahisi. Anayestahili kwa vigezo vya kimataifa vya upasuaji huu vya 2022, yaani uwiano wa uzito na urefu wa 35 au zaidi, au kuanzia 30 akiwa na magonjwa kama kisukari, hapaswi kuambiwa asubiri kwa sababu ya umri pekee.

Wengine watauliza kuhusu sindano mpya. Semaglutaidi, katika utafiti wa 2021, ilipunguza uzito kwa wastani wa asilimia 15, na tirzepataidi, 2022, hadi karibu asilimia 21 kwa dozi ya juu. Ni dawa za kweli na kwa baadhi ya vijana ndizo chaguo la busara, kwa kuwa hazikati kitu. Hata hivyo, walioacha semaglutaidi walirudisha karibu theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja, na bei yake ya kila mwezi inazishinda familia nyingi. Puto nalo lina mipaka hiyo hiyo: likitolewa, uzito huwa na tabia ya kurudi. Ikiwa sindano au puto vinapimwa kwa kuangalia miaka ijayo, kisu kipimwe kwa kipimo kile kile.

Pingamizi la mwisho ni lile la heshima kwa utaalamu: daktari ndiye ajuaye, kijana aachie. Daktari anajua mshono. Hajui kama kijana huyu atapangiwa kazi wilaya isiyo na maabara ya kupima vitamini B12, kama ataolewa mwakani, kama nyumbani watamruhusu ale vijiko vitano vya ugali bila kumlazimisha amalize sahani, au kama atakuwa na nauli ya kurudi kliniki kila mwaka. Anayesafiri Uturuki au India kwa sababu ya bei anapaswa kujiuliza nani atakayemfuatilia akirudi. Nusu ya ushahidi unaohitajika iko kwa daktari, na nusu nyingine iko kwa kijana mwenyewe, na uamuzi mzuri hupatikana nusu hizo zikikaa meza moja.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo lenye uzito mkubwa. Kila kijana atakayefanyiwa upasuaji huu atoke hospitali na kadi, kama ile ya kliniki ya mtoto, iliyoandikwa kwa Kiswahili: aina ya upasuaji, tarehe, dawa za kuepuka, virutubishi vya kila siku na vipimo vya kila mwaka. Kadi hiyo itamsaidia hata kabla ya upasuaji, kwa kuwa daktari akiijaza mbele yake, kijana ataona mzigo anaoukubali. Na miaka 15 baadaye, mwanamke mjamzito katika kituo cha afya cha mbali akiulizwa na mkunga alifanyiwa nini tumboni, asilazimike kujibu tu kwamba alikata utumbo.