KARANI, KOMPYUTA NA MWENENDO WA VIDOLE

(Mazungumzo kwa wajumbe wa bodi na makarani wa vyama vya msingi, Bukoba na Muleba)



Msimu wa kahawa unapopamba moto, karani wa chama cha msingi huko Muleba huwa na foleni ya wakulima mbele yake, mzani kando, na kompyuta mezani. Akiandika kilo 148 za maganda badala ya 418, mkulima amepotelewa na kilo 270 kabla hajaondoka ghalani. Kosa la namna hiyo ni jepesi kuitwa uzembe. Huenda ni uchovu, na uchovu huacha alama katika uchapaji wenyewe.

Jambo hili lina asili ya zamani. Katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza walionasa ujumbe wa redio wa Wajerumani waliweza kumtambua mtumaji kwa mdundo wa mkono wake, bila kulijua jina lake. Kompyuta nayo hupima vivyo hivyo: kitufe kimeshikiliwa muda gani, kidole kimechukua muda gani kufikia kitufe cha pili, herufi zimefutwa mara ngapi. Mwaka 2011, Epp, Lippold na Mandryk, watafiti wa Kanada, walionyesha kwamba kwa vipimo hivyo programu iliweza kutambua uchovu, wasiwasi na hali nyingine kadhaa kwa usahihi wa asilimia 77 hadi 88. Maana yake ni kwamba hata mikononi mwa wataalamu ilikosea zaidi ya mara moja katika kila kumi.

Hapo ndipo bodi zinapaswa kuwa macho. Karani hulinganishwa na nafsi yake ya jana, wala si na mwenzake mwepesi wa vidole. Tena kidole kilichokatwa na panga, au vitufe vilivyoingia vumbi, hubadili mdundo bila moyo kuwa na shida yoyote. Kipimo cha aina hii hakifai kuwa ushahidi wa kumwadhibu mtu. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amjulishe kusudi lake. Kumpima karani kwa siri ni kumpeleleza.

Chama kinachotaka kuanza leo hakihitaji programu. Karani na asome kilo kwa sauti, mkulima akisikia, kabla ya kutoa risiti. Na foleni ikizidi, mwenzake ampokee.